Mashine Haina Taifa

Katika mijadala ya utamaduni wa taifa zipo hoja mbili ambazo zimerudiwa mara nyingi hata watu wamezizoea na kuzipokea bila ya kuzipima. Hoja ya kwanza yasema kwamba muziki utokanao na mashine za umeme hauna kwao. Hauna jasho la mpigaji, hauna ngozi ya mnyama wala mti wa msituni, na kwa hiyo hauwezi kuwa utamaduni wa taifa lolote. Hoja ya pili huletwa na wale wanaojiona kuwa ni watu wa kisasa. Wao husema kwamba msanii anayetaka kusikika duniani hana budi aivue lugha yake mlangoni kama avuavyo viatu, kisha aingie kwa Kiingereza. Wenye hoja hizi mbili hawapatani, na kila upande humcheka mwenziwe. Sisi twasema kwamba wote wawili wamepotea, tena wamepotea katika njia moja: wamekitazama chombo, wakamsahau mtu aliyekishika.

Ili kulithibitisha jambo hili hatutamwita shahidi wa jirani, kwa kuwa shahidi wa jirani ana jamaa zake barazani, na kabla hajasema neno wamekwisha mshangilia au kumzomea. Tutamwita shahidi wa mbali. Shahidi huyo ni santuri iitwayo Autobahn, iliyotolewa mwezi wa Novemba 1974 katika Ujerumani Magharibi na kikundi cha Kraftwerk cha mji wa Düsseldorf. Katika mambo mawili ya kwanza shahidi huyu atasema upande wetu. Katika jambo la tatu, ambalo kwa maoni yetu ndilo kubwa kuliko yote, tutamgeukia na kumshitaki yeye mwenyewe.

Santuri Yenyewe

Kraftwerk ni neno la Kijerumani lenye maana ya kituo cha kuzalishia umeme. Kikundi hiki kilianzishwa mwaka 1970 na vijana wawili, Ralf Hütter na Florian Schneider, waliokutana wakiwa wanafunzi wa muziki. Schneider alikuwa mpiga filimbi aliyefunzwa chuoni. Hawakuwa, basi, watu waliokimbilia mashine ili kuuficha ujinga wao wa muziki, kama wapinzani wa muziki wa umeme wapendavyo kusema. Na neno Autobahn ni jina la zile barabara kuu za Ujerumani zilizotengwa kwa magari peke yake, ambazo hazikatwi na barabara nyingine wala hazina taa za kuyasimamisha magari.

Upande wa kwanza wa santuri una wimbo mmoja tu, wenye urefu wa zaidi ya dakika 22. Waanza kwa mlango wa gari kufungwa, injini kuwashwa na honi kulia. Kisha yasikika sauti ya binadamu iliyopitishwa katika vokoda, yaani mtambo unaochukua umbo la matamshi ya mtu na kulivika sauti ya kinanda cha umeme, hata mashine ikaonekana kana kwamba inasema. Sauti hiyo yalitamka jina la barabara, na baada yake safari yaanza. Mpigo huenda sawasawa bila ya kupanda wala kushuka. Mvumo wa gari lipitalo huanzia katika sikio moja na kuishia katika la pili. Maneno ni machache mno: bonde pana, jua, ukanda wa lami, mistari myeupe na ukingo wa kijani. Katikati ya safari redio ya gari yafunguliwa, na kutoka ndani yake wasikika wimbo huu huu. Maneno hayo waliyatunga pamoja na Emil Schult, ambaye ndiye pia aliyechora picha ya jalada, nayo yaonyesha barabara hiyo kati ya vilima, gari dogo la Volkswagen na Mercedes nyeusi.

Upande wa pili una vipande vinne. Viwili vya mwanzo ni wimbo wa kimondo katika sehemu mbili, uliotungwa kwa ajili ya nyota yenye mkia iliyoitwa Kohoutek, ambayo watu wengi waliingojea mwaka 1973. Cha tatu ni usiku wa manane. Cha nne ni matembezi ya asubuhi, na humo mna ndege wanaolia kwa umeme na filimbi halisi ya Schneider inayowajibu. Mtu asemaye kwamba santuri hii iliua ala za jadi na akisikilize kipande hicho cha mwisho kwanza, kisha arudi kwetu.

Jasho Limo

Twende katika hoja ya kwanza. Yasemwa kwamba mashine hupiga yenyewe, na mwanamuziki hukaa kitako. Asemaye hivi hajui namna mashine za wakati ule zilivyofanya kazi. Chombo kilichotumiwa katika santuri hii pamoja na vingine ni sintesaiza ya Minimoog. Ndani yake mna mitambo midogo inayoufanya umeme utikisike mara nyingi kwa sekunde; mitikisiko mingi hutoa sauti ya juu, mitikisiko michache hutoa sauti ya chini. Sauti hiyo hupitishwa katika chujio linalopunguza sehemu yake moja na kuiacha nyingine, na mpigaji huamua kwa vidole vyake ianze kwa ghafla au kwa upole, ikae au ife upesi. Mashine haikuja na wimbo tumboni. Ilikuja na mtikisiko tu, kama vile ngozi iliyowambwa isivyokuja na ngoma.

Tena, Minimoog haikuweza kutoa sauti mbili kwa wakati mmoja. Aliyetaka sauti tatu zilizopatana alilazimika kupiga ya kwanza, kuirekodi katika utepe, kisha kupiga ya pili juu yake na ya tatu juu ya hizo. Vyombo vile vikipata moto vilihama sauti, na ilibidi virekebishwe tena na tena. Fundi wa sauti Konrad Plank, aliyefanya kazi nao katika santuri hii, hakuwa na tarakilishi ya kumsahihishia makosa. Alikuwa na masikio na mikono. Kama jasho ndilo kipimo, basi jasho limo. Halionekani kwa kuwa halidondoki juu ya ngozi ya ng'ombe, lakini msikilizaji mwenye haki hawezi kulikana.

Jambo lingine litazamwe. Minimoog haikuwa ya Kijerumani. Ilitengenezwa Marekani na kampuni ya Robert Moog. Kama taifa la muziki lingekuwa ni taifa la chombo chake, santuri hii ingalikuwa ya Kimarekani. Hata hivyo hakuna Mmarekani aliyeisikia mwaka 1975 akadhani kwamba ni ya kwao. Ilikuwa ni ya Kijerumani tangu mlango wa gari ulipofungwa. Ni kweli kwamba Wajerumani walikuwa wamekwisha jizoeza na muziki wa aina hiyo: redio ya umma ya Köln ilianzisha studio ya muziki wa elektroniki mwaka 1951, na humo ndimo Karlheinz Stockhausen alimotayarisha kazi yake ya 1956, Gesang der Jünglinge, iliyochanganya sauti ya mtoto na sauti za umeme. Lakini studio ile ilikuwa ya wataalamu. Kraftwerk waliitoa elimu hiyo ndani ya nyumba ya wataalamu wakaipeleka barabarani, mahali wanapopita watu wote. Kazi ya namna hiyo, ya kulichukua jambo la wachache na kulifanya la wengi, ndiyo iitwayo utamaduni.

Nasi wa pwani ya Afrika Mashariki tungalikuwa wa mwisho kuyashangaa haya. Fidla na kanuni za taarab hazikuota katika mashamba ya mikarafuu. Zilikuja kutoka Misri na nchi nyingine za ng'ambo. Nadi Ikhwan Safaa ilianzishwa Unguja mwaka 1905, na Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri zake. Ala zilizopigwa nyuma yake zilikuwa na asili ya mbali, lakini ulimi uliotangulia mbele yake ulikuwa wa Kiswahili, na ulimi huo ndio uliozitia ala zile katika ukoo wetu. Leo hakuna mtu mwenye akili timamu anayeinuka kusema kwamba taarab si yetu kwa kuwa fidla haikuchongwa Pemba. Kwa nini basi watu wale wale huinuka kusema hivyo juu ya kinanda kidogo cha Casio kilichobeba mchiriku wa Dar es Salaam, au juu ya kompyuta inayoendesha singeli? Fidla ilisamehewa ugeni wake kwa kuwa ni ya zamani. Huo ni upendeleo wa umri, wala si hukumu ya utamaduni.

Ulimi Ndio Mlango

Tuingie katika hoja ya pili, ile ya kuivua lugha mlangoni. Baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945, Ujerumani Magharibi ilikaliwa na majeshi ya nchi zilizoshinda, na mawimbi ya redio yakajaa nyimbo za Marekani na Uingereza. Düsseldorf yenyewe ilikuwa katika eneo lililotawaliwa na Waingereza. Kizazi kilichozaliwa katika miaka hiyo kilikuta kwamba nyimbo za wazee zimechafuliwa na utawala wa Wanazi, na nyimbo mpya ni za wageni. Vijana wengi wakafanya lililokuwa rahisi, wakaimba Kiingereza. Hata kikundi hodari cha Can, cha Köln, kilimweka mbele kwanza Mmarekani Malcolm Mooney, kisha Mjapani Damo Suzuki, na sehemu kubwa ya maneno yake ikawa ya Kiingereza. Wengine, kama Tangerine Dream, waliyaacha maneno kabisa. Walikuwapo walioimba kwa Kijerumani, mathalan Ton Steine Scherben na Udo Lindenberg, lakini sauti zao hazikuvuka bahari kwa wingi.

Santuri tatu za mwanzo za Kraftwerk, za miaka ya 1970, 1972 na 1973, karibu hazikuwa na maneno ya kuimbwa. Walipofungua kinywa hatimaye katika Autobahn, walikifungua kwa Kijerumani. Hawakuchagua neno la mapenzi lililokwisha chakazwa, wala neno la fahari ya kivita. Walichagua jina la barabara, neno ambalo kila Mjerumani hulitamka akienda kazini, wakalitamka kama lilivyo. Washauri wa kisasa wangaliwaambia kwamba jambo hilo ni kujifungia katika chumba. Yaliyotokea ni kinyume chake. Wimbo ule wa dakika 22 ulifupishwa kwa ajili ya redio hata ukabaki dakika tatu na kitu, na katika mwaka 1975 ukafika nafasi ya 25 katika orodha ya nyimbo za Marekani, nayo santuri nzima ikafika nafasi ya tano huko na ya nne Uingereza. Wasikilizaji hao hawakujua Kijerumani. Baadhi yao walidhani kwamba wanasikia neno la Kiingereza la furaha. Hawakuzuiwa. Walifunguliwa mlango na watu ambao hawakuvua viatu.

Wapinzani wetu watasema kwamba Kraftwerk baadaye waliimba Kiingereza pia. Ni kweli, na sisi hatulifichi. Tangu santuri iliyofuata, ya mwaka 1975, walianza kuweka maneno ya Kiingereza pamoja na ya Kijerumani, na kazi zao za 1977 na 1978 zilitoka katika lugha mbili. Lakini yafaa utaratibu wa mambo uangaliwe. Kwanza walijenga nyumba, ndipo wakafungua dirisha la upande wa ugenini. Hawakuibomoa nyumba ili wapate dirisha. Mtu anayejua lugha ya jirani juu ya lugha yake ameongeza mali; mtu anayeitupa yake ili aazime ya jirani amebadilisha urithi kwa deni.

Na kitu kilichojengwa kwa uthabiti katika lugha moja hakikosi kuwafaa wengine. Mwaka 1982, katika mtaa wa Bronx wa New York, Afrika Bambaataa na wenzake waliichukua sauti ya Trans-Europe Express, kazi ya Kraftwerk ya 1977, wakaijengea wimbo wao wa Planet Rock. Katika Detroit, vijana weusi akina Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, waliokuwa wakiwasikiliza Wajerumani hao, walianzisha muziki wa tekno, muziki wa mji wa viwanda vya magari. Hawakugeuka Wajerumani. Waliichukua mashine wakaisemesha habari za kwao. Ushahidi huu watosha kwa hoja zote mbili: mashine haina taifa, na aliye na la kusema katika kauli yake mwenyewe hana sababu ya kuiogopa wala kuiabudu.

Nani Hao "Sisi"?

Laiti tungeishia hapa, wapenzi wa muziki huu wangetupigia makofi. Hatuishii hapa. Yako maneno ambayo wapenzi hao hawapendi kuambiwa, na kwa kuwa tumemleta shahidi mbele ya baraza, ni haki tumwulize na maswali magumu.

Kiitikio cha Autobahn kinasema kwa nafsi ya wingi. Husema kwamba sisi twasafiri, na husema hivyo tena na tena hata neno hilo likawa kama gurudumu. Twauliza: nani hao sisi? Katika wimbo huo mna mlango, mna injini, mna honi, mna redio, mna mistari ya rangi juu ya lami. Mna nafasi ya kila kitu kilichomo barabarani isipokuwa mkono wa mtu aliyeijenga.

Barabara zile zina historia. Ya Köln hadi Bonn ilifunguliwa mwezi wa Agosti 1932 na Konrad Adenauer, aliyekuwa meya wa Köln. Mwaka uliofuata Wanazi walishika dola, na mwezi wa Septemba 1933 Hitler alichimba udongo kwa koleo karibu na Frankfurt mbele ya wapiga picha, ili mpango huo uhesabiwe kuwa ni wake. Magazeti na sinema viliipamba barabara kama muujiza wa taifa jipya. Watu wasio na kazi walipelekwa huko, wakalala katika mabanda, kwa ujira mdogo. Wakati wa vita, Wayahudi walionyang'anywa haki zao waliwekwa katika makambi na kufanyishwa kazi ya barabara kwa nguvu, na wafungwa wa vita pia. Kilometa zipatazo 3,800 zilikuwa zimekwisha jengwa kazi iliposimama. Basi lami ile yenye mistari myeupe haikushuka kutoka mbinguni pamoja na jua la kwenye jalada.

Wala si jambo la wafu peke yake. Tuangalie mwaka mmoja tu kabla ya santuri kutoka. Mwezi wa Agosti 1973, katika kiwanda cha magari cha Ford mjini Köln, mwendo wa kilometa zipatazo 40 kutoka Düsseldorf, wafanyakazi wa Kituruki waligoma. Chanzo kilikuwa kufukuzwa kwa wenzao wapatao 300 kwa kosa la kuchelewa kurudi kutoka likizo makwao. Na njia ya kwenda makwao ilikuwa ni hiyo hiyo barabara kuu, kisha Austria, kisha Yugoslavia, hata Anatolia. Tarehe 23 Novemba 1973 serikali ilisimamisha uandikishaji wa wafanyakazi wageni. Siku mbili baadaye, Jumapili ya tarehe 25, magari yalipigwa marufuku barabarani kwa sababu ya shida ya mafuta, na marufuku hiyo ikarudiwa Jumapili tatu zilizofuata. Barabara ikanyamaza. Watu wakatembea kwa miguu juu ya lami. Ni katika nchi hiyo, iliyokuwa imetoka tu katika kimya hicho, na yenye wageni hao katika viwanda vyake, ambamo wimbo wa safari isiyo na kizuizi ulitungwa.

Na wageni hao hawakuwa mabubu. Metin Türköz, aliyefanya kazi katika kiwanda cha Ford mjini Köln, aliimba kwa Kituruki, saz ikiwa mkononi, habari za mfanyakazi aliye ugenini. Kampuni ya Türküola ya mji ule ule ilitoa santuri za nyimbo za aina hiyo, nazo ziliuzwa kwa wingi miongoni mwa wafanyakazi. Kwa hiyo barabara moja ilikuwa na nyimbo mbili. Mmoja uliimbwa na wanaoliendesha gari, mwingine na wanaoliunda. Huu wa kwanza umeingia katika majumba ya sanaa: mwaka 2012 Kraftwerk walipiga kazi zao zote kubwa katika jumba la sanaa za kisasa la New York, na mwaka 2015 katika jumba la taifa la Berlin. Huu wa pili ulikaa kwa miaka mingi katika kaseti za wazee. Mtu akituambia kwamba tofauti hiyo ilitokana na ubora wa sanaa peke yake, sisi hatumwamini.

Hapa watetezi huleta ngao mbili. Ngao ya kwanza ni kwamba wimbo si kitabu cha historia. Tunakubali kwamba wimbo si kitabu. Lakini Kraftwerk wenyewe wamekwisha tuonyesha kwamba wimbo waweza kubeba deni lake. Wimbo wao wa Radioactivity, wa mwaka 1975, ulikuwa hausemi lolote la kuulaumu mnururisho. Walipourekodi upya mwaka 1991, baada ya ajali ya Chernobyl, waliongeza neno la kuukomesha, wakayataja kwa majina Chernobyl, Harrisburg, Sellafield na Hiroshima. Walijua, basi, namna ya kumrudisha mtu aliyeumia ndani ya wimbo unaomhusu. Kwa mtambo wa nyuklia walifanya hivyo. Kwa barabara hawakufanya.

Ngao ya pili ni kwamba utulivu ule wa wimbo ni kejeli, na mwenye akili ataifahamu. Kejeli ni silaha nzuri ya mshairi, nasi hatuikatai. Lakini kejeli huwa na mahali ambapo yajifichua, hata kwa silabi moja. Katika dakika zote 22 sisi hatukupaona mahali hapo. Kejeli isiyojifichua popote haina tofauti na kimya.

Jambo hili latuuma zaidi kwa kuwa watu hawa walipenda kujiita wafanyakazi wa muziki. Jina hilo ni zuri, na sisi tungependa kila msanii ajiite hivyo. Tena wanaijua thamani ya kazi. Mtayarishaji Moses Pelham alipochukua takriban sekunde mbili za mdundo wao wa 1977, Metall auf Metall, akazitumia katika wimbo wa mwaka 1997, walimshitaki. Na kesi ya sekunde hizo mbili ilifika Mahakama ya Katiba ya Ujerumani mwaka 2016, na Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya mwaka 2019. Hatusemi kwamba walikosa haki ya kushitaki. Twasema tu kwamba anayedai malipo ya sekunde mbili za jasho lake ajue kuwa na wengine wana jasho, na kwamba yeye alisafiri juu ya jasho hilo kwa dakika 22 bila ya kusema ahsante.

Lililo Letu Kulichukua

Kwa nini twaandika haya katika kitabu cha utamaduni wetu? Kwa sababu neno hilo "sisi" ndilo neno linaloandikwa mara nyingi kuliko mengine yote katika vitabu vya namna hii. Twasema ngoma zetu, lugha yetu, taifa letu. Ni neno tukufu, nalo lastahili kulindwa. Lakini ni neno lenye mlango, na mwenye kulisema ndiye ashikaye ufunguo. Aweza kuwaingiza watu wote, aweza kuwaacha nje wale ambao kazi yao ndiyo iliyojenga nyumba.

Sisi wa nchi hii twalijua jambo hili kwa njia iliyo karibu zaidi kuliko Köln. Reli ya kati, kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, ilijengwa katika utawala wa Wajerumani tangu 1905 hadi 1914, na mikono iliyobeba mataruma ilikuwa ya Waafrika. Msafiri ayajua majina ya stesheni kwa mfululizo wake. Majina ya waliobeba mataruma hayamo kinywani mwa mtu. Mshairi wa leo akitunga utenzi wa dakika 22 juu ya treni hiyo, akaweka humo filimbi ya mlinzi, mlio wa chuma na moshi wa alfajiri, akawasahau hao, tutamwuliza swali lile lile tulilowauliza Wajerumani, tena kwa ukali zaidi, kwa kuwa yeye ni ndugu yetu.

Kwa hiyo, kwa wale waliopewa kazi ya kuchagua nyimbo za mashindano, za redio na za vitabu vya shule, twatoa vipimo vitatu badala ya kile kimoja cha umri wa ala. Kwanza, waisikilize kauli: je, mtunzi asema katika lugha anayoiotea ndoto, au ameazima mdomo? Pili, waitazame asili ya jambo linalosemwa: je, limetoka katika maisha anayoyajua, kama barabara ilivyotoka katika maisha ya watu wa Düsseldorf, au limenakiliwa kutoka kwa jirani? Tatu, waihesabu nafsi ya wingi: je, anaposema sisi, wamo wote waliofanya kazi hiyo, mwenye gari na muunda gari, mwenye ngoma na mwenye kuwamba ngozi? Kijana wa singeli mwenye kompyuta yake akishinda katika vipimo hivi, na apewe tuzo mbele ya mzee mwenye marimba aliyeshindwa. Na mzee akishinda, kijana asikasirike.

Katika vipimo hivyo, Autobahn yapata ushindi katika viwili vya kwanza, tena ushindi wa kujivunia, na wanaoidharau kwa sababu ya nyaya zake hawajaisikiliza. Katika kipimo cha tatu imeanguka. Hatuitoi barazani kwa sababu hiyo. Twaiacha ikae, watu waisikilize upande wa kwanza na upande wa pili, wajifunze namna taifa lililovunjika lilivyoirudisha sauti yake kwa kulitamka neno moja la kila siku. Lakini wakisikilize kile kiitikio kinaposema sisi, wawahesabu waliomo, na wanapomaliza wawahesabu wasiokuwamo. Kisha warudi katika nyimbo zetu wenyewe, wazihesabu vivyo hivyo.